Imefunguliwa, Haijafunguka

Kuna sentensi ambayo Kiswahili huitamka bila kuona haya: nimeiwasha, haijawaka. Nimemwamsha, hajaamka. Mtu anayejifunza lugha hii ukubwani husimama hapo akidhani umejipinga mwenyewe. Kama umeiwasha, inakuwaje haijawaka? Sisi hatuoni mgongano wowote. Tunajua kwamba tendo lina ncha mbili, ya mtendaji na ya kitu kinachotendwa, na kwamba mtu anaweza kumaliza upande wake wote huku upande wa pili hakuna kilichotokea. Ndiyo maana shuleni tulifundishwa kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka kama vitu viwili. Mlango umefunguliwa: kuna aliyeufungua. Mlango umefunguka: uko wazi, pita, na aliyeufungua si hoja.

Wengi wetu tuliikariri tofauti hiyo kwa ajili ya mtihani, tukaiacha kwenye chumba cha mtihani. Mimi nilikutana nayo tena kiwandani, ndani ya kitu chenye ukubwa wa simu ya mkononi.

Kinaitwa valvu ya solenoidi. Kazi yake ni kuielekeza hewa ya kompresa: sasa nenda huku, sasa nenda kule. Ukisikia lori linatoa ule mlio wa "pssss" kwenye foleni, umesikia hewa ya aina hiyo ikimaliza kazi yake. Kiwandani hewa husukuma silinda, na silinda ndizo mikono ya mashine: zinabana katoni, zinainua chupa, zinafunga milango. Ndani ya valvu kuna spuli, kijiti cha chuma kilichovishwa mipira, kinachoteleza na kuziba njia hii huku kikifungua ile. Pembeni kuna koili. Umeme ukifika, mara nyingi volti 24, koili inakuwa sumaku na kuvuta kijichuma kidogo kilichomo katikati yake.

Hapa pana jambo ambalo huwashangaza mafundi wachanga. Katika valvu nyingi za kiwandani, ile sumaku haina nguvu ya kuisogeza spuli. Haijaribu hata. Inachofanya ni kufungua kijitundu chembamba, hewa kidogo ipite, na hewa hiyo ndiyo inayoisukuma spuli. Umeme unatoa ruhusa tu. Nguvu ni ya hewa yenyewe. Ndiyo maana presha ikishuka chini ya bar 2 hivi, unaweza kusikia "tik" safi kabisa ya koili. Amri imetoka, imefika, imesikika, na hakuna kilichosogea. Nimewafikiria wakuu wengi wa ofisi nikiisikia "tik" hiyo.

Sasa fikiria zamu ya usiku. Mashine imesimama, msimamizi anatazama saa, silinda moja imegoma. Kwenye plagi ya koili kuna kitaa kidogo, nacho kinawaka. Kitaa kikiwaka, karibu kila mtu husema neno lile lile: valvu iko sawa, imefunguliwa. Lakini kitaa hicho kinajua kitu kimoja tu, kwamba umeme umefika kwenye plagi. Hakijui kama waya wa koili umekatika ndani. Hakijui kama kile kijichuma kimenata. Hakijui habari za spuli, na silinda haijawahi hata kuisikia. Ni taa ya amri, si taa ya tendo, na sisi tunaisoma kama taa ya tendo kwa sababu ndiyo pekee tuliyo nayo, na kwa sababu inatuambia tunachotaka kusikia saa tisa za usiku.

Fundi anayejua kazi yake huondoka pale kwenye taa. Anasogeza ncha ya bisibisi juu ya koili aone kama inavutwa. Ikivutwa, sumaku ipo. Kisha, baada ya kuhakikisha hakuna mtu karibu na silinda, anabonyeza kile kitufe kidogo kilicho ubavuni mwa valvu, ambacho hufanya kazi ya umeme kwa mkono. Silinda ikienda, ugonjwa uko upande wa umeme. Isipokwenda, uko upande wa hewa. Anatazama geji ya presha. Anatazama sailensa kwenye matundu ya kutolea hewa, kwa sababu hewa isiyopata pa kutokea upande mmoja wa silinda haitaruhusu hewa mpya iingie na kusukuma upande wa pili. Nimeona mashine nzima ikilala kwa ajili ya sailensa iliyoziba kwa uchafu. Mwisho anafunga hewa, anaitoa iliyobaki kwenye mabomba, na kuifungua valvu yenyewe. Mara nyingi katika miji ya pwani hukuta maji ndani, au ute wa kahawia, maji na mafuta ya kompresa yaliyokorogeka. Hewa yetu ni ya joto na imejaa unyevu. Ukiishindilia kisha ikapoa, unyevu unageuka maji, na tangi la kompresa lisipofunguliwa chini kila siku maji hayo husafiri. Ugonjwa ulioonekana kwenye mashine ya kufungasha ulizaliwa chumba kingine, mbele ya bomba ambalo hakuna aliyepewa jukumu la kulifungua. Au amepewa, lakini tutafika huko.

Niseme kidogo kuhusu koili zilizoungua, maana ndizo zinazoonewa zaidi. Koili ya umeme wa AC huvuta mkondo mkubwa inapoanza kuvuta kijichuma chake, na mkondo hupungua kijichuma kikishafika mahali pake. Kikinata njiani, mkondo haupungui. Koili inaendelea kuvuta, inapata joto, inaungua. Fundi mwenye haraka anaifungua, ananusa harufu ile kali, anasema "koili mbovu," anafunga mpya, na baada ya siku chache anarudi kufunga nyingine. Koili haikuwa mbovu. Iliungua kwa sababu ilitii hadi mwisho kitu kilichokuwa hakiwezekani. Tunapotafuta mkosaji huwa tunaanza na yule aliyeungua, kwa kuwa ndiye mwenye alama, na mara nyingi tunaishia kwake.

Hapa ndipo swali langu linapoanza kuuma. Katika kiwanda kimoja nilichopitia, kijana wa kufungasha alipoteza vidole viwili. Katoni ilikuwa imekwama chini ya bamba la kubania. Alibonyeza kitufe cha kusimamisha mashine kama inavyotakiwa. Umeme ukakatika, taa ya valvu ikazimika. Spuli ilitakiwa irudishwe na springi yake, lakini ilikuwa imenata, na hewa ilikuwa bado imo kwenye mabomba, bar 6 kamili. Akaingiza mkono kuivuta katoni. Mtikisiko mdogo ulitosha: spuli ikaachia, silinda ikarudi. Silinda yenye kipenyo cha milimita 63 kwa presha ya bar 6 husukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 190. Ikirudi hupungua kidogo, kwa tofauti ambayo vidole haviwezi kuihisi.

Kikao kiliitwa. Kwenye meza pale mbele iliwekwa karatasi ya mahudhurio ya mafunzo ya usalama, na jina la kijana lilikuwepo na sahihi yake mbele. Amefundishwa, ilisemwa. Maelekezo yalishatolewa: kabla ya kuingiza mkono, funga hewa kwenye bomba kuu na uitoe yote. Na kweli yalikuwa yametolewa. Yalibandikwa ukutani kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo ungehitaji kupanda kwenye kiti kuzisoma, na bomba kuu lilikuwa nyuma ya mashine, hatua zaidi ya 30, mahali ambapo mtu anayekimbizana na idadi ya katoni hawezi kwenda na kurudi mara kumi kwa zamu.

Sidhani kama waliokaa kwenye kikao kile walikuwa wabaya. Walikuwa wanasoma taa. Karatasi ya sahihi ni taa: inawaka mafunzo yakishatumwa. Haisemi lolote kuhusu kilichotokea upande wa pili, kama mtu alielewa, kama aliamini, kama alichoelewa kinawezekana kutendwa akiwa kazini. Kiswahili kingewasaidia kama wangekisikiliza. Amefundishwa. Je, amejua?

Mfano mkubwa kuliko yote ninaoufahamu wa taa ya namna hii unatoka Marekani, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania. Tarehe 28 Machi 1979, saa 10 alfajiri, pampu zinazopeleka maji kwenye majenereta ya mvuke zilisimama. Chanzo, inavyoaminika, kilikuwa cha kawaida kabisa: wafanyakazi walikuwa wanazibua bomba la mtambo wa kusafisha maji, na maji yakapenya kwenye mfumo wa hewa unaoendesha valvu. Maji kwenye hewa, ugonjwa ule ule wa viwanda vya pwani. Presha ndani ya mtambo ikapanda, na valvu ya kuipunguza, inayoongozwa na solenoidi, ikafunguka kama ilivyosanifiwa. Sekunde chache baadaye presha ilikuwa imeshuka vya kutosha. Umeme ukaondolewa kwenye solenoidi ili valvu ifunge. Taa kwenye paneli ikazimika.

Valvu haikufunga. Ilinata ikiwa wazi, na maji yanayopoza kiini cha mtambo yakaendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili. Waliokuwa zamu waliitazama ile taa iliyozimika na kuisoma hivi: valvu imefungwa. Taa ilikuwa inasema: solenoidi haina umeme. Kati ya sentensi hizo mbili palipita maafa yote yaliyofuata. Geji ya bomba lililo mbele ya valvu ilionyesha joto kubwa, lakini valvu ile ilikuwa ikivuja kidogo tangu zamani na macho yalishazoea joto hilo. Geji nyingine ilionyesha kina cha maji kikipanda, kwa hiyo, wakiogopa maji kuzidi, walipunguza maji ya dharura ambayo mashine ilikuwa imeanza kuyapeleka yenyewe. Saa 12 na dakika 22 asubuhi ilifungwa valvu nyingine iliyo kwenye njia hiyo hiyo, kwa rai ya mtu aliyekuwa amekuja kupokea zamu. Hakuwapo taa ilipozimika. Nadhani hilo lilimsaidia. Kufikia mwisho, karibu nusu ya kiini cha mtambo ilikuwa imeyeyuka.

Rais Jimmy Carter aliunda tume chini ya mwanahisabati John Kemeny. Tume haikuwasafisha waendeshaji, ilisema walikosea. Lakini ilikataa kuishia kwenye koili iliyoungua. Ilirudi nyuma kwenye mafunzo yao, kwenye usanifu wa chumba cha kuongozea, kwa watengenezaji, kwa mamlaka ya serikali. Na ikakuta jambo ambalo kwangu linatisha kuliko taa. Mnamo Septemba 1977, katika kituo cha Davis-Besse jimboni Ohio, chenye mtambo wa kampuni hiyo hiyo, valvu ya aina hiyo iliganda wazi na waendeshaji wakapunguza maji ya dharura vivyo hivyo. Mtambo ulikuwa ukifanya kazi kwa nguvu ndogo sana na valvu iligunduliwa baada ya dakika 20 hivi, ikapita salama. Mhandisi mmoja wa kampuni iliyounda mitambo hiyo aliona hatari na kuandika waraka mwanzoni mwa 1978, akitaka waendeshaji waelekezwe upya. Waraka ulipokelewa. Ukajadiliwa, ukapita meza hii na ile. Mwaka mmoja na zaidi baadaye, waliokuwa zamu Three Mile Island walikuwa hawajaambiwa neno.

Waraka umetumwa. Haujafika. Valvu ndani ya valvu.

Basi, aliyeamuru amemaliza wajibu wake lini? Jibu la haraka ni kwamba anamaliza tendo linapotendeka, na kabla ya hapo bado anadaiwa. Ninalipenda jibu hilo lakini siwezi kulipokea zima zima. Mwalimu hawezi kuingia kichwani mwa kila mwanafunzi. Mama anayemtuma mtoto dukani hawezi kumfuata nyuma. Angemfuata, asingekuwa amemtuma. Kuna viongozi wa kazi wanaohakiki kila skrubu, na chini yao hakuna anayekua wala anayethubutu kufikiri. Kuamini kwamba amri imetekelezwa bila kwenda kuona ni sehemu ya kuishi na watu.

Tena uhakiki wenyewe hauna mwisho. Mafundi wakichoka kudanganywa na taa ya koili hufunga kihisio kwenye silinda, kinachoonyesha kama pistoni imefika. Ni hatua kubwa. Lakini nimeona fimbo ya silinda iliyofunguka kutoka kwenye bamba lake: pistoni inakwenda, kihisio kinashangilia, bamba limelala pale pale. Ukifunga kihisio kingine kwenye bamba, bado katoni yenyewe inaweza isiwepo. Mahali fulani lazima uamini.

Swali la maadili, kwa maoni yangu, ni mahali gani. Na hapo naona watu wenye madaraka wana tabia moja: huchagua kuamini mahali panapowafaa wao. Kihisio huwekwa karibu na anayeamuru, kwa sababu hapo ni rahisi, waya ni mfupi, na taarifa yake hupendeza. Karatasi ya sahihi iko mezani kwa meneja. Taa iko kwenye paneli. Kama ningeulizwa, ningesema kiwekwe karibu na atakayeumia. Kwenye bamba linaloweza kushuka juu ya vidole. Kwenye bomba linalotoa maji, si kwenye waya unaoliamuru. Usipoweza kuhakiki kila kitu, hakiki pale ambapo kukosea kwako kutalipwa na mwili wa mtu mwingine. Gharama yake ni kubwa, najua. Waya unakuwa mrefu.

Kuna waliofikiri hivyo mapema. George Westinghouse alipopata hataza ya breki ya hewa ya treni mwaka 1869, hewa ndiyo iliyobana breki: dereva anatuma hewa, magurudumu yanashikwa. Bomba likipasuka, hakuna breki, na dereva angeweza asijue mpaka azihitaji. Miaka michache baadaye aligeuza mpango. Katika mfumo mpya, kushuka kwa presha kwenye bomba refu la treni ndiko kulikobana breki. Bomba likikatika, treni inasimama yenyewe. Breki za kuegeshea za malori yetu hufuata mantiki hiyo: springi ndiyo inayobana, hewa inaachia. Lori lililopoteza hewa kabisa haliondoki, na abiria wa nyuma yake kwenye foleni hulitukana bila kujua kwamba linawalinda.

Westinghouse hakumtaka dereva awe mwangalifu zaidi. Aliuliza nini kitokee amri isipofika, akaamua mapema kwamba ukimya uwe salama. Wanaosanifu mashine hulazimika kujibu swali hilo kwa kila valvu: umeme ukikatika springi iirudishe, au ibaki ilipokuwa? Kila jibu lina wa kumfaa. Silinda inayobeba mzigo juu ya kichwa cha mtu usiiachie. Inayoweza kumbana, iachie. Wanaosanifu ofisi na taratibu hawajiulizi hivyo mara nyingi. Mgonjwa ambaye majibu yake ya maabara hayakufika kwa daktari, ukimya ule unatafsiriwaje? Mara nyingi tunautafsiri kuwa hakuna tatizo. Tumeifunga springi upande usiofaa.

Baada ya 1979 vituo vya nyuklia vya Marekani vilitakiwa kuweka vipimo vinavyoonyesha moja kwa moja kama valvu ile iko wazi au imefunga, si kama imeamriwa. Kwenye kiwanda nilichokitaja, bomba la kufunga hewa lilisogezwa mbele ya mashine, mkono wa mtu unapofika, na sasa likifungwa linatoa lenyewe hewa iliyobaki. Vidole vya kijana havikurudi. Karatasi za mahudhurio bado zinasainiwa.

Na pale kuna fundi wa zamani, mzee wa miaka hamsini na kitu, ambaye haandiki "imetengenezwa" kwenye kitabu cha zamu mpaka valvu imefunguka na kujifunga mara mia moja mbele ya macho yake. Anahesabu kwa midomo. Msimamizi wa zamu, binti aliyemaliza chuo mwaka juzi, anasimama pembeni na kalamu.

"Mzee wangu, imeshafanya kazi mara ishirini. Nina malori mawili nje."

"Naona, mwanangu. Ishirini na moja."

Anaitazama saa. Malori ni ya kweli, na faini ya kuchelewa ni ya kweli, itatoka kwenye idara yake. Anamwacha ahesabu hadi arobaini na tano, kisha anamwomba asaini. Mzee anasaini, lakini mbele ya neno lililochapwa "imetengenezwa" anaandika kwa mkono, kwa herufi ndogo: mara 45.